Noeli, grupu na kasete: namna tulivyoangalia televisheni Bunia

Kijana aliyezaliwa baada ya 2000 akisikia « televisheni ya Noeli » anafikiria programu: kituo fulani kitaonyesha filamu fulani saa fulani, na wewe unakaa unangojea. Wazungu kweli waliishi hivyo. Kule Uingereza hotuba ya malkia ilianza kuonyeshwa kwa televisheni siku ya Noeli mwaka 1957, na familia nyingi zikawa zinapanga chakula kulingana na saa ile. Bunia hatukuwa na kituo kilichotupangia Noeli. Kwetu ilitengenezwa ndani ya parseli, kwa falanga na kwa majadiliano marefu, sawa vile watu wanajadiliana kuchinja mbuzi.

Ninaandika haya juu nawasikia wadogo zetu wa chuo wakizizungumzia Noeli zile kama vile ulikuwa umaskini tu. Umaskini ulikuwemo, sikatai. Lakini mlikuwa na mambo mengine ndani yake, na moja kati ya hayo linaoza sasa hivi chini ya vitanda vya wazazi wetu. Nitalifikia.

Kwanza Noeli yenyewe. Wengi hamjui kwamba mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliiondoa tarehe 25 Desemba kwenye orodha ya sikukuu za serikali. Ni mwaka ule ule ambao dunia nzima iliiona Zaïre kwa televisheni mara mbili: mwezi wa sita, timu yetu ya Léopards ilicheza Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, na tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali akamwangusha George Foreman pale Kinshasa. Nchi ilikuwa kwenye vioo vya ulimwengu, na ndani yake Noeli ikawa siku ya kazi. Wazee wetu wanasimulia kwamba mtu alienda ofisini, akarudi, akavaa, akaenda kanisani. Televisheni ya taifa, iliyoanza Kinshasa mwaka 1966, ilikuwa ikifungua taarifa ya habari kwa uso wa Mobutu akishuka kutoka mawinguni. Yesu ametolewa kwenye kalenda, na mtu mwingine anashuka mawinguni kila jioni! Wakubwa walilicheka jambo hilo, lakini kwa sauti ya chini.

Na kama mtu ataniuliza ni picha gani ya Noeli iliyobadilisha maisha yetu kuliko zote, sitataja filamu. Nitataja ile ya tarehe 25 Desemba 1989, siku Nicolae Ceauşescu wa Romania na mke wake walipopigwa risasi, na picha za maiti zikazunguka dunia. Alikuwa rafiki wa Mobutu. Wanaoandika historia ya utawala ule wanasema picha zile zilimtikisa sana. Miezi minne baadaye, tarehe 24 Aprili 1990, alisimama N'Sele machozi yakimtoka, akatangaza mwisho wa chama kimoja. Sisi Bunia wengi tulizipata habari hizo kwa redio tu. Picha za Kinshasa zilikuwa mbali nasi kama Kinshasa yenyewe, zaidi ya kilometa 1,500 bila barabara ya kuaminika.

Njo maana kwetu televisheni haikuwa dirisha la kuonea serikali. Ilikuwa sanduku la kuchezeshea kasete.

Sasa tuingie kwenye umeme, juu bila kuelewa umeme hutaelewa chochote kingine. Mtambo wa Budana, kwenye mto Shari, ulijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Umeme wa kule ulifika mjini, lakini si kila avenue ilikuwa na nyaya, na mwenye nyaya hakuwa na uhakika wa jioni yake. Wengine wote tulikuwa na njia mbili: bateri ya gari au grupu.

Fanya hesabu kidogo, wewe uliyesoma fizikia. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600 kwenye karatasi. Ukiitumia yote unaiua, kwa hiyo hesabu nusu, 300. Televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe inayokula wati 15 moja kwa moja kutoka kwa bateri itakupa saa 20: Noeli yote mpaka kesho yake. Lakini televisheni ya rangi, ya kioo kinene cha zamani, pamoja na deki ya kasete, zinafika karibu wati 100, na kile kifaa cha kugeuza umeme wa bateri nacho kinakula chake njiani. Umebakiwa na chini ya saa tatu. Mwenye grupu alikuwa na hesabu yake ya esansi. Tarehe 24 Desemba bei ya chupa ya esansi kando ya barabara haikuwa ile ya tarehe 10, na zile grupu ndogo za kelele zilidai uichanganye na oili kwa kipimo. Ukikosea kipimo, moshi unajaa parseli nzima.

Papa yangu alikuwa anasimama mbele ya wageni wote, kidumu mkononi, na kutangaza sheria: « Hii esansi ni ya filamu mbili. Mutu asiniambie ya tatu. »

Ukiijua hesabu hiyo, utaelewa ni kwa nini Bunia tuliona filamu tulizoziona. Tunapenda kusema wazazi wetu walikuwa watu wa dini, au kwamba vijana walipenda vita. Mimi naona bateri iliamua mengi. *Les Dix Commandements* ya Cecil B. DeMille, ya mwaka 1956, inakaribia dakika 220. Kasete ya kawaida, ile iliyoandikwa E-180, inabeba dakika 180. Kwa hiyo Musa alikuja kwa kasete mbili, na familia nyingi zilimwacha Misri, juu kasete ya pili ilikuwa kwa jirani au grupu lilikuwa limezimika. *Jésus de Nazareth* ya Franco Zeffirelli, ya 1977, inazidi saa sita. Hiyo ilikuwa filamu ya wenye nyaya, au ya kugawa kuanzia Noeli mpaka Bonane. Lakini *Commando* ya Schwarzenegger, ya 1985, inamalizika kwa saa moja na nusu hivi. Ile filamu ya *Yesu* ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na ambayo Brian Deacon anaigiza kama Yesu, ni saa mbili na dakika chache. Yesu wa saa mbili na Commando wa saa moja na nusu: njo Noeli ya kawaida ya mtaa wetu, wa kwanza kwa heshima ya koko na wa pili kwa ajili yetu. Na mpangilio huo haukugeuzwa kamwe. Ukianza na Commando, koko anasimama anaenda kulala, na akilala koko, mama anazima.

Kasete zenyewe zilitoka wapi? Soko letu lilitazama mashariki. Vitu vilipanda kutoka Kampala kwa njia ya Goli na Mahagi, au vilivuka Ziwa Albert mpaka Kasenyi. Televisheni nyingine zilinunuliwa Dubai na wafanyabiashara wa Butembo. Lakini kasete nyingine zilikuja kwa mkono wa mapadri, wamisionari na jamaa waliosoma Ubelgiji au Ufaransa. Na hapa kulikuwa na jambo ambalo lilitusumbua miaka mingi bila kujua jina lake. Unaweka kasete nzuri, unapata sauti safi, lakini picha ni ya kijivu, bila rangi hata kidogo. Watu walipiga deki makofi. Walilaumu kichwa cha deki, mvua, hata mtoto aliyepita mbele ya televisheni.

Maelezo ni haya. Ufaransa ilikuwa na namna yake ya kusimba rangi, SECAM, na Zaïre ilifuata njia hiyo. Uganda, Kenya na Uingereza walitumia nyingine, PAL. Mashine inayojua PAL peke yake inaisoma picha ya SECAM lakini haioni rangi zake, na kinyume chake vilevile. Kwa hiyo kasete kutoka Paris ndani ya mashine ya Kampala ilitoa picha ya kijivu. Mpaka waliouchora wakoloni ulikuwa unapita katikati ya saloni yetu, kati ya deki na kioo! Ni zile televisheni za Dubai, zilizojua namna zote, zilizotumaliza shida hiyo, na mwenye nayo alipata wageni wengi kuliko alivyotaka.

Kisha lugha. Filamu za Kifaransa zilihitaji msomi wa nyumba. Kwetu alikuwa yaya yangu, ambaye wakati huo alikuwa anasoma ISP. Alikaa pembeni ya kioo, si mbele yake, na kazi yake ilikuwa kujibu swali moja lililoulizwa mara mia: « Yaya, anasema nini? » Kama Pilato amehutubia dakika nzima kwa Kifaransa kizito, yaya alikuwa anafikiri kidogo, halafu anatafsiri: « Anakatala. » Basi. Hakuna aliyelalamika. Kasete za Kampala zilikuja mara nyingine na sauti ya mtu anayesimulia kwa Kiganda juu ya Kiingereza cha filamu, wale ambao Waganda wanawaita VJ, na hapo mwenye cheo alikuwa mama mmoja wa jirani aliyekaa miaka mingi Uganda. Kazi hiyo haikuwa ya Bunia tu. Kenya, DJ Afro amejijengea jina kwa kusimulia filamu kwa Kiswahili. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Lakini wale walilipwa, sauti yao ikauzwa pamoja na kasete. Wetu walilipwa paja la kuku.

Halafu ikaja ile filamu ya *Yesu* kwa Kiswahili. Ni kati ya filamu zilizotafsiriwa kuliko zote duniani, imepita lugha 2,000. Kwa dunia hiyo ni hesabu tu, kwa saloni yetu ilikuwa mapinduzi. Koko, ambaye miaka yote alikuwa anasinzia kabla ya mikate kuzidishwa, alinyooka kwenye kiti. « Kumbe anasema Kiswahili! » Jioni ile yeye njo alituamuru tunyamaze, na alikuwa anamjibu Yesu kwa sauti, anakubali, anasikitika, anamwonya Petro kabla jogoo hajawika. Yaya alikosa kazi. Nadhani ni mara ya kwanza kwangu kuona kwamba kutokujua lugha kunaweza kumfanya mtu mzima aonekane kama mwenye usingizi.

Namna ya kukaa nayo ilikuwa na sheria zake ambazo hazikuandikwa. Wazee na wageni kwenye viti; akina mama karibu na mlango juu kulikuwa na sufuria ya kuchungulia nje; batoto chini kwenye mkeka; na vichwa vya jirani kwenye dirisha, vimepangwa kwa urefu. Mtoto wa jirani hakufukuzwa siku ya Noeli. Siku zingine ndiyo, tena kwa maji. Katika mkeka ule mlikuwa na watoto ambao nyumbani kwao walisema Kilendu, Kihema, Kialuru, Kibira, Kinande au Kilugbara, na mbele ya kioo tulikuwaka tunasema Kiswahili peke yake, kile cha kwetu cha « iko nakuja » na « hapana fanya vile ».

Sisemi kwamba televisheni ilituunganisha. Nimesoma watu wanaoandika hivyo na wananichosha. Vita ya Ituri ilianza 1999, na ikawakuta watu waliokaa mkeka mmoja wakatazama Yesu yule yule, na haikuzuiwa na mkeka. Mwezi wa tano 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka, wanamgambo walipigania mji mtaa kwa mtaa. Maelfu ya watu walikimbilia kwenye kambi ya MONUC na uwanja wa ndege, wengine njia ya Beni, mpaka askari wa Ulaya wa operesheni Artémis walipofika mwezi wa sita. Waliouawa Ituri miaka ile wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Televisheni, deki, grupu, hata milango miwili, vyote vilikuwa vimebebwa. Lakini kasete walizimwaga chini wakaziacha, juu bila deki kasete ni plastiki tu, haiuziki. Wengi wenu wazazi wenu watawaambia hivyo hivyo. Na hapa ndipo ninapofikia lile nililosema linaoza.

Sijataja bado kasete ya tatu. Baada ya Yesu na Commando, kama papa amekunywa kidogo na esansi imebaki, mtu alikuwa anasema: « Weka basi ile ya ndoa. » Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kila mtaa ulikuwa na kijana mwenye kamera kubwa ya begani aliyekodiwa kwa ndoa, ubatizo, sherehe ya diploma, na hata matanga. Kasete hizo njo zilikuwa filamu zetu za kweli. Tulijua nani atacheza vibaya na dakika gani. Watu walijitazama wakiwa wembamba. Waliokwisha kufa walipita nyuma ya bibi arusi wakiwa na sahani mkononi, na chumba kikawa kimya kidogo, kisha mtu akatoa mzaha. Kwa familia nyingi za Bunia hiyo ndiyo picha ya pekee inayotembea ya mtu aliyepotea kati ya 1999 na 2003: hakuna filamu nyingine, hakuna simu iliyomrekodi, hakuna kituo kilichomhoji. Nyakasanza ya kabla ya vita, Mudzipela ya kabla ya vita, nyumba zilizoungua, miti iliyokatwa, vimo nyuma ya bibi arusi.

Yaliyofuata mnayajua, nitapita haraka. CD na DVD za Kichina, filamu kumi ndani ya diski moja, filamu za Nigeria, kisha flashi ya kujaziwa kwenye vibanda vya kopi, kisha paneli ndogo ya jua na simu. Leo kila mtu ana kioo chake na Noeli yake. Sioni ubaya mkubwa, na msichana aliyekuwa anakaa karibu na mlango kuchungulia sufuria naye sasa anamaliza filamu yake.

Ila kasete hazikuhama. Ndani ya E-180 mna karibu mita 250 za utepe mwembamba wenye unga wa sumaku, na wataalamu wengi wanaupa utepe huo miaka 10 hadi 30 kulingana na namna ulivyotunzwa. Za ndoa za 1990 zimeshapita. Unyevu wa Bunia unazaa ukungu mweupe kwenye utepe. Kampuni ya mwisho iliyokuwa inatengeneza deki, Funai ya Japani, iliacha mwezi wa saba 2016, kwa hiyo kila deki inayokufa haina mrithi. Na kuna adui mwingine wa nyumbani kabisa. Kwenye mgongo wa kasete kuna kijino cha plastiki: ukikivunja, haiwezi kurekodiwa tena juu yake. Lakini sisi wajanja tulibandika karatasi ya gundi pale, tukarekodi mechi au filamu juu ya ndoa ya shangazi. Ukikuta karatasi hiyo, ing'oe leo.

Mwenye nia anahitaji vitu vichache: deki inayofanya kazi, kamba ile ya rangi tatu (njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti), kifaa kidogo cha kupokelea kinachochomekwa kwenye USB, na kompyuta. Chagua kwanza PAL au SECAM kwenye programu. Picha ikitoka ya kijivu, sasa unajua sababu. Saa moja ya kasete inachukua saa moja kamili, haina njia ya mkato, na kwa ubora wa DVD itakula gigabaiti 2 hivi. Kasete yenye ukungu usiitie ndani ya deki kabla haijasafishwa, juu itachafua kichwa, na kichwa kitachafua kasete zote zinazofuata. Zile zinazongoja, zisimamishe kama vitabu, mbali na sakafu na jua. Na kama huna kifaa chochote ila umepata deki na televisheni kwa siku moja tu, rekodi kioo kwa simu, chumba kikiwa na giza. Picha itakuwa mbaya, lakini itakuwepo.

Kaeni na mzazi wakati inachezwa, muandike majina: nani huyu, mtoto wa nani, parseli ilikuwa wapi. Kamera haikuandika hayo.

Mkifungua sanduku mtakuta nyingi, na hamtajua muanzie wapi. *Commando* iacheni, iko kila mahali. Anzeni na ile ambayo lebo yake imeandikwa kwa Biki.